Wageni wa mikutano wanafika Uyole, wachache wanateremka Kyela: kwa nini?

Simu moja iliyopigwa studio ndiyo imenifanya niandike makala haya. Aliyepiga alikuwa mtumishi kutoka mkoa mwingine, yuko Mbeya mjini kwenye semina ya siku nne. Ratiba ilimwachia mchana mmoja wa bure, akataka kujua kama anaweza kufika Katumba Songwe, aone mto na ziwa, kisha arudi mjini kulala. Ramani ya simu yake ilimwonyesha Songwe iko karibu tu na jiji. Katumba nayo aliiona, iko njia ya Tukuyu. Akajumlisha mwenyewe, akaona Katumba Songwe haiwezi kuwa mbali.

Wenyeji mtacheka, lakini mgeni hakukosea kusoma ramani. Songwe aliyoiona ni ile yenye uwanja wa ndege, jirani na mto Songwe ambao maji yake yanaelekea Ziwa Rukwa. Katumba aliyoiona ni ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai. Halafu kuna Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambao makao yake yako Vwawa. Na sisi tupo huku chini, wilaya ya Kyela, kando ya mto mwingine kabisa uitwao Songwe, ule unaotutenga na Malawi na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Kutoka Mbeya mjini mpaka Kyela ni zaidi ya kilomita 120, na njia ni ya milima na kona.

Nilimwambia ukweli kwamba mchana mmoja hautoshi. Akashukuru, akakata simu. Nadhani siku ile alimaliza mchana wake akiangalia mpira kwenye nyumba ya wageni.

Simu ile imenibaki kichwani kwa sababu mgeni alikuwa tayari. Alikuwa na hela yake mfukoni, ana mchana wa bure, na sisi hatukuwa na jibu la kumpa zaidi ya "ni mbali". Wangapi wanapita hivyo kila mwaka?

Mgeni wa mkutano ni mtu wa aina gani

Tukisikia neno utalii, wengi wetu tunamfikiria Mzungu mwenye kamera na kofia pana anayekwenda kuangalia simba. Huyo yupo, lakini kuna mgeni mwingine ambaye hatumhesabu: mwalimu aliyekuja kwenye mafunzo, afisa ugani, muuguzi, mhasibu wa halmashauri, kiongozi wa chama cha ushirika, mchungaji aliyekuja kwenye sinodi. Serikali na watu wa biashara wanaita jambo hili utalii wa mikutano.

Mgeni huyu ana tabia zake. Nauli hakulipa mwenyewe, mara nyingi imelipwa na ofisi. Ana posho, hata kama si kubwa. Hana muda. Na hapangi matembezi miezi sita kabla, bali anaamua pale kwenye chai ya saa nne, akimuuliza aliyekaa pembeni yake: ninyi hapa mnaona nini cha kuona? Jibu la jirani yake ndilo linaloamua kama atatoka au atabaki hotelini.

Kwa maoni yangu, mgeni huyu anatufaa sisi wa Kyela kuliko mtalii wa kamera. Anazungumza Kiswahili, anakula wali na samaki bila kuuliza maswali, na analipa kwa simu. Tena, mtalii wa mbali hawezi kupanda ndege na gunia la mchele, lakini mwalimu wa Singida akifika Kyela haondoki bila mchele. Akirudi nyumbani mikono mitupu, mkewe au mumewe atamuuliza alikuwa wapi.

Arusha walijifunzaje

Mji wa Tanzania unaojulikana zaidi kwa mikutano ni Arusha, na historia yake ina kichekesho. Lile jengo kubwa la mikutano la AICC lilijengwa liwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, jengo likabaki. Mwaka 1978 likageuzwa kituo cha mikutano. Baadaye, mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 yalipofuatiwa na mahakama ya kimataifa, mahakama hiyo ikawekwa pale pale Arusha, ikafanya kazi mpaka mwaka 2015. Majaji, wanasheria, wakalimani na waandishi wa habari waliishi mjini miaka na miaka.

Watu wa Arusha hawakukaa wakisubiri wageni wamalize mikutano na kuondoka. Walitengeneza vitu vya saa mbili, vya nusu siku, na vya siku nzima. Ukiwa na saa mbili, unatembea kwa miguu mpaka Makumbusho ya Azimio la Arusha, unasoma habari za mwaka 1967. Ukitoka hapo kuna Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe na chimbuko la binadamu. Nusu siku inakutosha Ziwa Duluti. Siku nzima, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo haiko mbali na mji. Dereva wa teksi anajua orodha hiyo kwa kichwa, mhudumu wa hoteli anaijua, na mama anayeuza shanga pia anaijua.

Mimi nilikwenda Arusha mara moja kwa mafunzo ya watangazaji, siku tano. Niseme ukweli, nilirudi nimeona ukumbi, nyumba ya kulala wageni, na barabara kati ya hivyo viwili. Siku ya mwisho ndipo dereva mmoja aliponiuliza kama nimeshaona Mnara wa Saa. Nilikuwa nimeupita kila siku bila kujua ndio huo. Alinipeleka, akanisimulia habari zake dakika kumi, akanitoza nauli ambayo baadaye niligundua ilikuwa mara mbili ya kawaida. Sikukasirika sana. Alikuwa na kitu cha kuniuzia, na alijua kukiuza.

Mbeya inapata wageni, sisi tuko kwenye mdomo wa njia

Huenda msikilizaji ukasema: Arusha ni Arusha, huku kwetu nani anakuja? Wanakuja. Mwaka 2022 na tena mwaka 2023, sherehe za Nane Nane kitaifa zilifanyika viwanja vya John Mwakangale, na Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria. Kwa siku kadhaa jiji la Mbeya lilijaa watu wa wizara, taasisi za utafiti, mabenki, kampuni za mbolea na wakulima kutoka mikoa mbalimbali.

Angalia viwanja vile viko wapi. Viko Uyole. Na Uyole ndipo barabara yetu inapoanzia, ile inayokwenda Tukuyu mpaka mpakani Kasumulu. Maana yake, maelfu ya wageni walisimama siku nzima mlangoni kwa njia ya Kyela, wakala chipsi, wakanunua kofia, kisha wakapanda mabasi kurudi Dar es Salaam na Dodoma. Sikuona kibao hata kimoja pale kilichosema: ukikunja hapa, ziwa liko mbele.

Na si Nane Nane tu. Mbeya ina vyuo, hospitali ya rufaa ya kanda, ofisi za kanda za taasisi nyingi, na kumbi za makanisa. Tangu Uwanja wa Ndege wa Songwe uanze kutumika mwishoni mwa mwaka 2012, mtu anatoka Dar asubuhi na kuwahi kikao cha saa tano. Wageni wanaongezeka, ila wanaishia juu.

Kuna sababu nyingine, ya kisera. Fedha kubwa za kukuza utalii wa kusini zilielekezwa kwenye hifadhi za wanyama. Mradi wa REGROW, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulilenga Ruaha, Mikumi, Nyerere na Udzungwa. Ulianza mwaka 2017, na mwaka 2024 ukasitishwa baada ya malalamiko ya wananchi wa vijiji vya Ruaha. Ziwa Nyasa halikuwemo kwenye orodha ile. Kwa hiyo anayesubiri mradi mkubwa uje kutujengea utalii wa ziwa anaweza kusubiri mpaka ndevu ziwe nyeupe. Afadhali tuhesabu tulichonacho, tena kwa saa.

Mgeni ana saa ngapi?

Tuchukue semina ya kawaida Mbeya, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila siku inafungwa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Jioni hizo si za kwetu, tuwe wakweli. Mtu hawezi kutoka Mbeya saa kumi na moja akaja kuona ziwa gizani.

Akipata nusu siku, hiyo ni ya ndugu zetu wa Rungwe. Ziwa Ngosi, ziwa la volkano lililojificha ndani ya msitu, liko upande huo huo wa barabara ya Tukuyu. Inabidi kutembea kwa miguu msituni zaidi ya saa moja, na mwisho pana mlima mkali, kwa hiyo viatu vya mkutano vibaki hotelini. Asiyependa kupanda aende Daraja la Mungu, lile jiwe lililotandazwa na asili juu ya mto Kiwira bila fundi. Karibu yake kuna Kijungu, mahali mto unapoingia kwenye chungu cha mwamba na kutokea mbele. Hapo ni eneo lenye chuo cha Magereza, lazima uombe ruhusa getini, na ukiombwa usipige picha, usipige.

Akiwa na siku nzima, hapo ndipo Kyela inaingia. Atoke Mbeya saa kumi na mbili asubuhi. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko kama mita 500. Maana yake, ndani ya saa chache mgeni anavua koti, kisha sweta, kisha anauliza maji ya baridi yanauzwa wapi. Mwezi wa Juni na Julai, Mbeya inapotetemesha meno, joto letu peke yake ni bidhaa. Watu wanalipa pesa nyingi duniani kufuata jua, sisi tunalo tunalilalamikia.

Njiani anapita chai, migomba, parachichi, kisha mlima unaisha ghafla na tambarare ya mpunga inafunguka. Akikunjia njia ya Ipinda, barabara ambayo sehemu kubwa sasa ina lami, anafika Matema: mchanga, maji, na Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta pembeni. Nimewapeleka wageni pale mara kadhaa, na wote hukaa kimya dakika mbili za kwanza.

Na kama siku hiyo ni Jumamosi, basi amebahatika. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Akina mama wa Kikisi wanatoka Ikombe na vijiji vya pwani ya mashariki, ambako milima imeingia mpaka majini, wanaleta vyungu kwa mitumbwi. Vyungu vya Wakisi vinajulikana toka zamani: vyepesi, kuta nyembamba, vimepakwa udongo mwekundu na kuchorwa mapambo meupe. Vinafinyangwa kwa mkono, na ni kazi ya wanawake. Kutoka Lyulilo wachuuzi wanavichukua mpaka Mbeya mjini na mbali zaidi. Mgeni ambaye amenunua chungu hicho hicho mjini kwa bei ya juu anaweza kukinunua hapa mkononi mwa aliyekifinyanga, na akamuuliza udongo unatoka wapi.

Hapa nadhani tunafanya kosa la mpangilio. Semina nyingi zinafungwa Ijumaa, na wageni wanapanda basi la Jumamosi alfajiri. Soko letu bora liko Jumamosi hiyo hiyo. Mwandaaji wa semina akiambiwa mapema, wageni wake wakapewa basi la Jumapili badala ya Jumamosi, tayari tumepata siku nzima bila kujenga kitu chochote. Lakini nani anamwambia? Ofisi za utamaduni na utalii za halmashauri zipo, na barua moja kwa vyuo na kumbi za Mbeya haigharimu hata bei ya debe la mpunga.

Katumba Songwe yenyewe ina nini?

Msikilizaji wa hapa hapa Katumba Songwe atauliza: habari za Matema tumezisikia, sisi je? Siwezi kudai kata yetu ni Matema. Lakini tuna vitu vitatu ambavyo mtu wa mkutano hajawahi kuviona, na vyote vinatokana na kazi zetu za kila siku.

Cha kwanza ni kakao. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao Tanzania, na bei ya mwaka 2024 ilivyopanda kwenye minada kila mtu anaikumbuka. Lakini Watanzania wengi waliokula chokoleti hawajui tunda lake likoje. Halijui hata ofisa wa kilimo wa mkoa wa mpunga. Mpeleke mgeni kwenye mti chini ya migomba, mkatie tunda, mlambishe ule utando mweupe mtamu unaofunika punje. Muonyeshe punje zinavyovundikwa siku tano sita ndipo zianikwe juani. Mueleze stakabadhi ghalani inavyofanya kazi, uzuri wake na kero zake. Hiyo ni saa moja na nusu ya maelezo ambayo mkulima wetu anayajua bila kusoma kitabu.

Cha pili ni mchele. Jina la Kyela limeandikwa kwenye magunia mengi nchini ambayo mchele wake haukuwahi kuiona Kyela. Mgeni akifika mashineni, akaona mpunga unakobolewa mbele yake, akasikia ile harufu, hatadanganywa tena sokoni kwake. Na atanunua. Fanyeni hesabu hii ya mfano tu: basi dogo lenye watu 20, kila mmoja akibeba kilo tano, ni kilo 100 zimeuzwa mchana mmoja bila dalali, bila kupimiwa kwa lumbesa.

Cha tatu ni mto. Songwe ni mpaka wa nchi mbili, na ni mpaka unaotembea. Mafuriko yakija, mto unahama, na shamba lililolala Tanzania linaamka upande wa pili. Hiyo ndiyo moja ya sababu Tanzania na Malawi ziliingia mkataba mwaka 2017 wa kuunda tume ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, ambayo makao yake yapo hapa hapa Kyela. Fikirieni maana yake: wataalamu wa maji, mipaka na mazingira wa nchi mbili wanakuja Kyela kikazi. Hao ni wageni wa mikutano ambao hawahitaji kuteremshwa kutoka Uyole, wameshafika. Wakimaliza kikao wanafanya nini? Nani aliwahi kuwapeleka kwa mzee anayekumbuka mto ulipita wapi alipokuwa kijana?

Mwenye pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na siku ya ziada, anaweza kuvuka Kasumulu akafika Karonga, ambako Wamalawi wana makumbusho yenye mfano wa mifupa ya dinosaria aliyechimbuliwa kwenye eneo hilo. Wameweka kibao, wameweka mtu wa kueleza. Ni jirani zetu, tunaweza kwenda kujionea wanavyofanya.

Yanayomkwaza mgeni

Sasa tuje kwenye yasiyopendeza, maana makala ya kusifia tu hayamsaidii mtu.

Bei. Mgeni akiuliza bajaji ni shilingi ngapi, anatazamwa viatu kwanza. Bei ya mgeni na bei ya mwenyeji ni vitu viwili. Najua nilisema dereva wa Arusha sikumkasirikia, lakini yeye alinipa maelezo ya dakika kumi. Wengine wetu tunatoza mara mbili na hatusemi hata "karibu". Kijiwe kikikubaliana bei za safari tano au sita za kawaida na kuziandika kwenye ubao, ugomvi unaisha.

Risiti. Huyu ni mtu wa ofisi. Akilala au akisafiri kwa fedha ya ofisi, anadaiwa risiti ya mashine. Nyumba ya wageni isiyo na risiti hiyo inampoteza hata kama shuka zake ni safi kuliko za jirani.

Choo na chakula. Akina mama lishe wetu wanapika mbasa na usipa vizuri kuliko hoteli za mjini, hilo sina shaka nalo. Lakini mtu akimaliza kula anauliza choo kiko wapi, na hapo mazungumzo yanaharibika.

Usalama wa majini. Kwenda Ikombe kwa mtumbwi kunapendeza, lakini Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na upepo wake hauombi ruhusa. Maboya ya kuokolea si mapambo ya watu wa hifadhi. Mtumbwi ukizama na wageni wa semina mara moja tu, hakuna mwandaaji atakayeleta watu tena kwa miaka kumi. Vivyo hivyo tuseme wazi kuhusu mamba kwenye midomo ya mito, kuhusu kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na kuhusu malaria. Mgeni anayeambiwa "hapa ogelea, pale usiingie" anatuamini. Anayeambiwa "hakuna shida" halafu akaona watu wanakimbia mtoni, hatuamini tena kwa lolote.

Msimu nao. Machi mpaka Mei mvua inatufungia barabara za vijijini na mafuriko yanatusumbua. Tusimwite mtu Aprili aje kuona shamba la kakao. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, njia zinapitika, mpunga unakuwa umevunwa, na Nane Nane iko katikati ya msimu huo.

Hela inabaki kwa nani?

Kuna jambo moja ambalo naliona ni kubwa kuliko yote hayo, na halizungumzwi. Tuseme tumefanikiwa, kampuni ya mjini imeanza kuleta wageni kila Jumamosi. Basi ni la mjini, dereva wa mjini, mwongozaji wa mjini, chakula kimefungwa kwenye makasha kutoka mjini, maji ya chupa kutoka mjini. Wageni wanapiga picha ufukweni, wanarudi. Sisi tunabaki na makasha matupu.

Kwa hiyo mtu akija kijijini kuzungumza habari za kuleta wageni, swali la kwanza la serikali ya kijiji liwe: chakula cha mchana kitaliwa wapi? La pili: nani atawaongoza shambani? Maswali hayo mawili yanatosha kumjua. Kikundi cha akina mama watano waliosajiliwa, wenye akaunti na namba moja ya kulipia kwa simu, wanaweza kupewa oda ya sahani 20 na kuipika. Vijana wa ngoma, wa ing'oma na maghosi, nao wawekewe malipo yao kabla, si kupewa soda baada ya kutoka jasho.

Na tuanze na salamu. Mgeni akifundishwa kusema "ugonile" na kujibiwa "ndaga", anacheka, anairudia siku nzima, na akifika kwao anaisimulia. Hiyo haihitaji kibali.

Na sisi tukienda kwao

Wapo wasikilizaji wetu ambao nao ni wajumbe: viongozi wa AMCOS, wenyeviti wa vijiji, walimu, wanakikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Mnaitwa Dodoma, Morogoro, Arusha. Msirudi kama mimi nilivyorudi. Ukiwa Dodoma wakati wa vikao, unaweza kuomba kuingia kwenye jukwaa la wageni bungeni ukamsikiliza mbunge wako akiuliza swali, na ukaenda kuona wakulima wa zabibu wanavyouza kando ya njia. Usiangalie zabibu tu, angalia anayeuza. Amepangaje, anamkaribishaje mtu, anafungaje mzigo ufike Dar salama. Hicho ndicho cha kurudi nacho.

Yule mgeni wa simu alipiga tena studio, wiki kadhaa baadaye. Safari hii alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja baada ya kikao kingine, akafika Lyulilo Jumamosi, akanunua vyungu vitatu. Alichotaka kujua ni namna ya kuvifunga visivunjike kwenye basi la usiku. Nilimpa simu mama mmoja aliyekuwa studio kwa kipindi cha wanawake, akamjibu: "Majani makavu ya mgomba ndani na nje, mwanangu, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, na usikubali kondakta akiweke kwenye buti. Kipakate."